Likishavuka Tangi la Maji

Mara ya kwanza gari langu liliponikimbiza nilidhani nimelewa, na mimi sinywi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya nne tangu nianze kuliendesha. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma, mkoba wa shule mapajani, miguu ikining'inia. Ana miaka sita, na kwa udogo wake tunamwita Nukta. Kutoka kwetu barabara hupanda kilima kifupi lakini kikali. Kileleni pana tangi la maji la zege, halafu barabara huteremka moja kwa moja, bila kona, hadi kwenye lango la shule. Nilikanyaga mafuta mpaka chini ili tupande, kama anavyofanya kila dereva pale. Tulipolivuka tangi nikainua mguu.

Gari halikupunguza mwendo. Liliongeza.

Nikakanyaga breki. Gari likasita, likanguruma, likaendelea kuvuta. Nikaikanyaga breki kwa miguu yote miwili, mgongo nimeukandamiza kwenye kiti. Injini ilikuwa inapiga resi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti nyembamba ya hasira, na harufu ya breki zinazoungua ikatuingilia ndani. Kule chini niliwaona watoto wakivuka barabara. Sikuona nyuso zao, niliona soksi tu, soksi nyeupe nyingi. Mkono wangu ukaukumbuka ufunguo kabla ya kichwa changu. Nikauzungusha. Injini ikanyamaza, gari likateleza kimya na kusimama hatua kumi hivi kabla ya kivuko. Mlinzi wa shule, ambaye alikuwa ameinua kibendera chake chekundu, alinitikisia kichwa kwa kuridhika. Alidhani ni yeye aliyenisimamisha.

"Baba," Nukta akauliza, "tulikuwa tunashindana na nani?"

Nikamwambia hatukuwa tunashindana na mtu. Aliposhuka nilibaki nimeshika usukani mpaka kengele ya shule ikalia na watoto wote wakaingia. Kisha nikawasha. Injini ikawaka kwa upole, ikatulia. Nikakanyaga mafuta, nikaachia. Ikapanda, ikashuka. Hakuna kitu.

Mimi ni fundi viti. Nashona viti vya magari, nabadilisha dari, navisha milango, na nasema bila kuona haya kwamba katika mji wetu hakuna anayenifikia. Gari lile lililetwa kwangu na mpima ardhi mmoja mstaafu, viti vyake vimechanika na sponji inamwagika kama unga. Lilikuwa la zamani kuliko mimi, pengine kuliko mama yangu: taa za mviringo, usukani mwembamba mpana kama sinia, dashibodi ya mbao ya kweli. Nililishughulikia wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa fundi, ya pili nilikuwa mgonjwa, ya tatu yule mzee akaniambia macho yake hayamruhusu tena kuendesha, na kama nalipenda tuelewane. Tukaelewana. Mke wangu aliponiona nalifuta vumbi asubuhi na jioni akaanza kuliita mke mwenzake. Akinitafuta huwauliza majirani kama nimeshatoka kwa yule mwenzake.

Lilipokuwa langu rasmi nililimalizia nilivyotaka. Dari mpya. Milango kwa ngozi ya kahawia. Chini nikatandika zulia la rangi ya zambarau, nene, pindo lake nimelizungushia ngozi na kulishona mara mbili, kiatu kikikanyaga kinazama. Watu walikuwa wakifungua mlango wanakaa kimya kwanza kabla ya kusema neno, na mimi niliupenda ukimya huo kuliko sifa. Kwa hiyo lilipoanza kunikimbiza sikuwaza kabisa kulirudisha. Niliwaza injini. Mambo ya ndani ya gari ni yangu na ninayajua. Mambo ya injini ni ya watu wengine, na ubaya wowote ulikuwa lazima uwe huko kwao.

Fundi injini niliyemwendea watu humwita Sikio. Karakana yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, na sakafu yake imekunywa oili kwa miaka ishirini hata huwezi kujua kama chini kuna saruji au udongo. Yeye huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa. Ni mtu mzima wa kunizaa, mnene, mpenda masihara, na hujipangusa mikono kwa chochote kilicho karibu. Ndiyo maana kabla ya kwenda kwake nilifanya kile ambacho fundi viti yeyote mwenye akili zake angefanya. Nilivifunika viti kwa nailoni, nikalitoa zulia, nikaliviringisha ndani ya shuka safi na kuliacha kwangu dukani.

Sikio alisikiliza injini, akatabasamu. Alisema ina moyo wa kijana. Alikagua waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta, akaupitisha polepole katikati ya vidole akitafuta uzi uliokatika, akaulainisha, akaurudisha. Akafungua kabureta yenyewe, akaiosha kwa petroli, akalitikisa boya lake. Kisha tukapanda kilima, yeye akiendesha, tukalivuka tangi. Gari likateremka kwa adabu zote. Tukarudia mara tatu. Akasema ulikuwa uchafu tu, umekwisha. Nikarudi dukani, nikatandika zulia langu.

Siku iliyofuata, Jumatano, likakimbia tena.

Safari hii Nukta hakuuliza tunashindana na nani. Alinishika ukosi wa shati kutoka nyuma kwa mikono yote miwili. Mbele yetu palikuwa na mwanamke muuza mikate, beseni kichwani, anavuka bila wasiwasi kwa sababu aliona nimekanyaga breki. Nilizungusha ufunguo, nikakata usukani. Ubavu wa gari ulimpitia karibu mno hata upepo wake ukaipeperusha khanga yake, beseni likaanguka na mikate ikatawanyika barabarani. Yeye hakuguswa. Alisimama palepale, mikono bado juu, inashika beseni ambalo halipo.

Nilishuka kumsaidia kuokota mikate. Kila nilichookota nilikiangusha. Akanitazama, akaniambia nikae chini kwanza, ataokota mwenyewe.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni, na hakupandisha sauti, jambo ambalo kwake ni baya zaidi.

"Wewe kufa na mke mwenzangu ni hiari yako, Baba Nukta," akasema. "Mtoto simpi."

Tulikubaliana, maana yake yeye alisema na mimi nikanyamaza, kwamba Nukta ataenda na Mama Dawa. Huyu ni jirani yetu, mama mtu mzima mwenye duka la dawa karibu na lango la shule. Ana gari lake dogo jeupe na huendesha kama anabeba mayai. Asubuhi huenda dukani, mchana hurudi nyumbani kula, na saa zake zinalingana kabisa na za watoto wa darasa la kwanza. Alikubali mara moja. Alisema kiti cha nyuma kilikuwa kinamlilia mtu wa kukikalia.

Alhamisi nikalipeleka tena gari kwa Sikio, viti vimefunikwa, zulia nimeliacha dukani kama kawaida. Akabadilisha springi inayorudisha mafuta, akafungua alivyokwisha kufungua, akapanda nalo kilima mara tano. Mara tano likashuka kama bibi anayetoka kusali. Aliporudi alijipangusa uso akaniuliza, kwa upole kabisa, kama viatu vyangu si vikubwa kuliko mguu. Mafundi wengine waliokuwa chini ya magari wakacheka. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema gari halina ugonjwa, na vitu vilivyobaki ni barabara na dereva, na barabara yeye anaijua.

Hapo nikawaka. Nilimwambia masikio yake yameota kutu, na kwamba siku gari hili litakapoua mtu nitakuja kumwonyesha damu aisikilize kwa bisibisi. Nikaondoka kwa kasi ya kuonyesha hasira, na nilipofika barabarani nikapunguza, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Sijui kama nimeeleza vya kutosha woga ule. Mtu akiogopa simba, akimwona atakimbia. Mimi niliogopa kitu ambacho kilikuwa kizuri, kimelala nje ya dirisha langu, na nilikuwa na mapenzi nacho. Nilianza kuendesha mkono mmoja uko kwenye ufunguo. Nikiwa kazini, gari lolote likipiga resi barabarani niliacha sindano na kuangalia mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kazi nilishona mstari ukapinda, nikaufumua, nikaushona, ukapinda tena. Na kila nilipofumba macho niliona zile soksi.

Ijumaa niliamua nitalitibu mwenyewe. Nikafunga springi ya pili juu ya ile ya Sikio, ngumu, ya mlango wa chuma. Pedali ikawa nzito hata paja likaniuma, lakini ukiiachia inaruka kwa nguvu ya kukuvunja kidole. Nikajiambia sasa hakuna pepo wa kuishinda hii. Na Jumamosi, moyo ukiwa umetulia kidogo, nikataka kumshukuru Mama Dawa kwa kumbeba mtoto wangu. Nikamtengenezea zawadi, nikaifunga kwenye gari lake mwenyewe, na alipofungua mlango akakaa kimya kwanza, kama wote. Kisha akasema hajawahi kumiliki kitu kizuri hivyo miguuni, na akavua viatu kabla ya kuingia.

Jumatatu nikapanda kilima peke yangu. Nilikanyaga ile pedali nzito mpaka chini kabisa. Nililivuka tangi. Nikainua mguu. Likakimbia.

Springi mbili, mojawapo ya mlango wa chuma, na likakimbia. Nilizima, nikaliingiza kwenye majani ya kando ya barabara ili nisifike shuleni, na nikakaa humo ndani mlango wazi, mguu mmoja nje, mpaka jua likahama. Nilifikiria kulichoma moto. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Kisha siku nzima nikapambana na kiburi changu, na Jumanne jioni nikaenda kwa miguu kwa Sikio.

Nilimkuta ananawa. Nikamwomba radhi kwa yale ya kutu. Akasema amekwisha kuitwa makubwa zaidi ya hayo na watu wadogo zaidi yangu. Lakini nilipomweleza habari ya springi ya pili, aliacha kunawa, maji yanachuruzika viwikoni.

"Springi mbili, na bado?" akauliza. "Basi pedali haikatai kurudi, fundi. Kuna kitu kinaishikilia."

Akaniambia nimletee gari kesho yake mchana jinsi lilivyo, jinsi ninavyoliendesha siku zote. Nisilioshe, nisilifunike, nisitoe hata karatasi ya peremende. Nilifungua mdomo nimwambie habari ya sakafu yake, nikaufunga.

Kwa hiyo Jumatano Sikio alifungua mlango wa abiria na buti zake za oili, akaangalia chini, akasimama mguu mmoja hewani.

"Hiki nini?"

"Zulia."

"Sijawahi kuliona."

Nikamwambia huwa nalitoa nikija kwake, aangalie mwenyewe karakana yake ilivyo. Hakucheka. Aliniangalia kwa muda, akaangalia zulia, akaingia na kukaa, na mimi nikaziona buti zake zinazama kwenye kazi yangu na nikaumia kama mtu anayechanwa. Alisema maneno machache tu: nipande kama kawaida, na likianza kukimbia nizime ufunguo bila kugusa breki wala klachi wala kusogeza miguu hata ukucha, yeye atavuta breki ya mkono. Nikamwambia hiyo ni kujiua. Akasema njia ni tupu, shule haijatoka, na yeye ana wajukuu anaotaka kuwaona jioni.

Nikakanyaga. Tangi likaja, likapita. Nikainua mguu, na sauti ile nyembamba ikapanda.

"Zima," akasema Sikio. "Usisogee."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama kuiacha miguu yangu itulie wakati kilima kinanikimbilia. Nilizungusha ufunguo. Alivuta breki ya mkono, gari likaguna, likaburuzika, likasimama. Sikio akainama, akapitisha kichwa chake kikubwa karibu na goti langu, akakaa hivyo.

"Njoo uone," akasema.

Pedali ilikuwa imelala. Ncha yake ilikuwa imeingia chini ya pindo la zulia, lile pindo la ngozi lililoshonwa mara mbili, nalo limeibana kwa nguvu zangu zote za ufundi. Ukikanyaga nusu inarudi. Ukikanyaga mpaka chini, kama pale kilimani, inaingia humo na haitoki. Kisha dereva anarusha miguu yote kwenye breki, na gari likishasimama anapoirudisha, visigino vinaliburuza zulia nyuma, pedali inaruka, na akitazama hakuna kitu. Sikio aliliburuza kidogo kwa kidole kimoja. Tap, pedali ikapanda.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafungua mlango na kwenda kuegemea tangi. Alisema kwamba nimemtoa jasho wiki nzima kwa ugonjwa ambao nilikuwa naulaza kwenye shuka safi kila nilipokwenda kwa daktari. Nilichukua kisu changu cha kazi na kuanza kulikata lile zulia, nikilipasua kwa vipande, uso unaniwaka, nikimwacha acheke kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nimefika kwenye kipande cha pili nilipoona, upande wa chini wa kitambaa, alama za chaki nilizochora kabla ya kukata. Mshale na herufi. Nilikuwa nimechora mshale huo mara mbili, kwenye jora hilohilo.

Kisu kikanidondoka.

Zawadi ya Mama Dawa ilikuwa zulia. Zambarau ileile, pindo lilelile, nene vilevile, nimelibana kwa vifungo chini ya pedali zake ili lisimsumbue kwa kuteleza. Nilimshonea Jumamosi. Na sasa ilikuwa saa sita kasoro, saa ya darasa la kwanza kutoka.

Nilimpigia simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Mama Dawa hapokei simu akiendesha. Sikio alikuwa ameacha kucheka, amenisoma usoni, na nilipomweleza kwa maneno matatu akalitupa nje zulia lililobaki, akanisukuma kwenye kiti cha abiria, akakaa yeye nyuma ya usukani. Sikubisha. Tuliteremka kilima juu ya bati tupu, gari likimtii kama mtumishi, na mimi nilikuwa nakanyaga breki ambayo haipo upande wangu. Kila gari jeupe lililopanda kutukabili nililitazama vioo vyake nikitafuta kichwa kidogo. Hakuna lililokuwa lake.

Langoni watoto walikuwa wanamiminika. Nikamuuliza mlinzi. Akasema Mama Dawa ameshamchukua, dakika tano hivi, ila leo hakupanda kilimani. Amechukua njia ya chini, ya sokoni. Hata yeye alishangaa, kwa sababu ile ni ndefu.

Njia ya sokoni ni tambarare, na nilijaribu kujifariji kwamba tambarare haitaki kukanyaga mpaka chini. Lakini ile barabara imejaa watu. Meza za nyanya zimeingia hadi kwenye lami, wasukuma mikokoteni hawageuki, watoto wanapita katikati ya miguu ya watu. Mtu akitaka kuupita mkokoteni mmoja tu kwa haraka, atakanyaga. Nikapiga simu tena. Safari hii ilikuwa inatumika. Anaongea na nani, mtu asiyeongea na simu akiendesha? Au ni mtu mwingine amekuta simu imeanguka, anatafuta jina la ndugu? Nilimwambia Sikio aongeze. Akasema haongezi, hatuendi kufanya lile tunalokwenda kulizuia.

Mbele nikaona watu wamekusanyika, wametupa migongo, na nikafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Walikuwa wanamtazama mtu anayeuza kamba. Nikarudi ndani.

Kisha nikaliona. Lilikuwa limepanda ukingo wa barabara mbele ya duka la magodoro, gurudumu moja juu, mlango wa dereva wazi, na ndani hamna mtu.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka soksi nyeupe, mbili, zinacheza hewani. Nukta alikuwa amekaa juu ya rundo la magodoro nje ya duka, anabembeza miguu. Aliponiona akasogea kunipa nafasi, kana kwamba nimekuja kukaa. Nilimshika kichwa, mabega, magoti, nikamgeuza na kumgeuza tena. Hakuwa na mkwaruzo. Nikamuuliza gari limekimbia?

"Leo halijakimbia," akasema. "Jana ndiyo, kule kwenye tangi. Magari yote yanakimbia pale, Baba."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba mvua huanguka kutoka juu. Ndiyo maana hakumwambia mama yake. Kwake lilikuwa jambo la barabara ile.

Mama Dawa alikuwa amekaa kwenye kiti alichopewa na mwenye duka, kiatu cha kulia amekivua, mguu ameuweka juu ya goti. Alikuwa anaubonyeza unyayo kwa kidole gumba, hapa na hapa na hapa, na kuutazama kama mguu wa mtu asiyemfahamu. Simu ilikuwa mapajani.

"Nimempigia mama yake aje amchukue," akaniambia. "Mwanangu, mimi siendeshi tena."

Akanieleza taratibu, macho kwenye ule mguu. Jana, wakilivuka tangi, aliuamuru mguu uinuke na gari likazidi kukimbia. Liliingia mpaka kwenye uzio wa miti wa jirani ndipo akaweza kulizima. Ana sukari mwaka wa nane. Yeye mwenyewe huwaambia wateja wake kila siku kwamba miguu ndiyo hutangulia kufa, mtu anakanyaga moto na hajui. Jana usiku alijichoma sindano kila kidole. Alisikia maumivu kila kidole, na bado hakuyaamini. Hakumwambia mtu, kwa sababu leo wangemnyang'anya gari, kesho duka, keshokutwa wangeanza kumkatia nyama kwenye sahani. Leo alipita njia ya chini ili asikanyage sana, na alipoona watu walivyo wengi, na mtoto wa watu yuko nyuma, ujasiri ukamwisha, akaegesha popote.

Nilipiga magoti pale pale chini. Nikaingiza mikono ndani ya gari lake, nikang'oa vile vifungo nilivyojivunia, nikalivuta lile zulia nje. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama kutazama, na mwenye duka la magodoro ananifahamu, tunanunua sponji kwa mtu mmoja.

"Si mguu wako, Mama," nikasema. "Ni hili. Pedali inaingia chini ya pindo, gari likigonga kitu inachomoka, huoni kitu. Nimelishona mimi."

Hakuelewa. Nikarudia, kwa sauti zaidi, mpaka na wale waliosimama wakasikia. Sikio, ambaye nilimtegemea acheke, alikuwa anaangalia upande wa barabara.

Mama Dawa aliinuka bila kuvaa kiatu. Aliingia kwenye gari lake, akakaa, na bila kuwasha injini akaweka mguu mtupu juu ya pedali. Akaikanyaga mpaka kwenye bati. Akaachia. Ikapanda. Akakanyaga tena, akaachia, tena, tena, kila mara akiutazama mguu unavyoinuka anapoutaka uinuke. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, kicheko kidogo, cha ndani, kinachotoka na kila pumzi. Nukta akashuka kwenye magodoro kwenda kumwangalia, akamuuliza anafanya nini. Akasema anacheza.

Mimi nilikuwa nimesimama na zulia mikononi. Nilijua ninapaswa kufurahi, lakini nilikuwa namwona mama huyu kitandani kwake jana, sindano mkononi, anajichoma kidole baada ya kidole kwa ajili ya pindo langu.

Kwa mbali, kati ya meza za nyanya, nikamwona mke wangu anakuja. Alikuwa anatembea haraka sana, karibu kukimbia, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa kisianguke. Alikuwa hajatuona. Nikalikunja zulia begani na kuanza kumwendea, ili alisikie kwangu kwanza.